Kiti cha MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) wa kuteuliwa kimebaki wazi: ni cha namba 6, namba 7 au cha mtu wa mwenyekiti?

*"Habari wakili. Mimi niko namba 7 kwa listi ya jinsia ya chama chetu, ile ya MCA wa kuteuliwa, uchaguzi wa 2022. Chama kilipata viti 3 vya hiyo listi, wakachukuliwa kina mama namba 1, 3 na 5, sisi wengine tukaambiwa tungoje. Sasa namba 3 amejiuzulu mwezi uliopita manake gavana amempa kazi ya waziri wa kaunti. Nikajua ni zamu yangu. Lakini kijana wa namba 6 anasema kwa hesabu yeye ndiye anafuata, na mwenyekiti wa tawi anasema listi ilikufa uchaguzi ulipoisha kwa hivyo chama kinapeleka jina jipya Nairobi, na hilo jina nimelisikia, ni la mama ambaye hakuwa kwa listi hata siku moja. Wengine wananiambia nitulie kutakuwa na uchaguzi mdogo. Kuna kitu kingine kinaninyima usingizi, mwaka 2024 nilipigwa picha kwa mkutano wa chama kingine nimevaa tisheti yao, nilikuwa nimemsindikiza shangazi tu. Rafiki yangu anasema nikimbie Mahakama Kuu haraka. Je nina haki? Niende wapi? Na itanikula pesa ngapi?"*

Dadangu, pole kwa kukosa usingizi, na asante kwa kuandika mapema, manake wengi huniandikia wakati jina la mwingine limeshatoka kwa gazeti la serikali na wiki 5 zimepita, hapo mimi hubaki kuwa mtu wa kutoa pole tu. Wewe bado uko upande mzuri wa saa.

Nikuelewe hivi: kiti kimeachwa na mwanamke, wewe ni mwanamke anayefuata kwa listi ileile, na kuna watu wawili wanakivuta, mmoja kwa hesabu ya vidole na mwingine kwa nguvu ya ofisi ya tawi. Kwa jinsi ulivyonieleza, sheria iko na wewe. Lakini kuwa na haki na kuapishwa pale bungeni kwa kaunti ni vitu viwili tofauti, na katikati yake ndiko watu hupotelea, kwa hivyo vumilia nikueleze polepole.

Hii ya uchaguzi mdogo tuimalize haraka. Uchaguzi mdogo ni wa MCA wa wodi, yule aliyepigiwa kura na watu wa wodi yake. Kiti cha kuteuliwa hakina wodi, hakuna mtu alipigia jina lenu kura, kwa hivyo hakuna debe litakalofunguliwa. Kura walizopigiwa wale wa wodi ndizo zilizaa viti vyenu: Kifungu cha 177 cha Katiba kinasema viti maalum vya bunge la kaunti vinagawiwa vyama kulingana na viti vya wodi ambavyo kila chama kimepata kwa hiyo kaunti. Chama chenu kilipata wodi zake, kikapewa viti 3 vya jinsia, basi. Hivyo 3 ni vya chama chenu mpaka muhula uishe, lakini nani anakalia, chama kilishasema kabla ya kura kupigwa, kilisema kwa listi.

Na hapa ndipo mwenyekiti wako amekosea, au anajifanya amekosea. Listi haikufa. Sheria ya Uchaguzi sehemu ya 34 inasema listi ya chama inadumu muhula mzima. Ndiyo maana inakuwa ndefu hivyo. Hujawahi kujiuliza mbona chama kilicho na nafasi ya kupata viti 3 au 4 kinatakiwa kuandika majina mengi namna ile? Listi ya jinsia inatakiwa iwe na majina kulingana na idadi ya wodi za kaunti. Kaunti kama Kilifi ina wodi 35, Lamu iko na 10, Nairobi 85, hesabu mwenyewe. Katiba kwa Kifungu cha 90 inataka chama kiandike watu wote ambao wangeingia kama chama kingezoa viti vyote. Hao wengine wote waliobaki nje, wewe ukiwemo, si mapambo. Mko pale mkingoja siku kama hii.

Sehemu ya 37 ya sheria hiyohiyo ndiyo inazungumza juu yako moja kwa moja. Inasema mwakilishi aliyetoka kwa listi ya chama akifa, akijiondoa kwa listi, akihama chama, akijiuzulu au akifukuzwa na chama, kiti chake kinapewa mgombea anayefuata wa jinsia ileile kwa listi husika ya chama. Soma tena polepole: anayefuata, wa jinsia ileile, kwa listi husika. Kila neno hapo linabeba mzigo wake. Chama kuleta jina jipya kunaruhusiwa tu kama listi imeisha kabisa, yaani hakuna mtu amebaki, hapo IEBC, yaani tume ya uchaguzi, inakiandikia chama, chama kinapewa siku 21 kuleta jina, kikizubaa kiti kinakaa wazi mpaka mwisho wa muhula. Kama uko hai na uko namba 7 na kuna wengine nyuma yako, listi haijaisha, kwa hivyo huo mlango wa jina jipya bado umefungwa. Mwenyekiti hana ufunguo, na kiongozi wa chama kule Nairobi hana pia.

Sasa kijana wa namba 6. Usimkasirikie sana, hesabu yake ni ile ya mtu yeyote ambaye hajasoma sheria, baada ya 5 ni 6. Lakini listi inapangwa mwanamke mwanamume mwanamke mwanamume kwa sababu, na hicho kiti kinaitwa cha jinsia kwa sababu. Nikupe mfano. Chukua kaunti yenye wodi 35, tuseme wanaume wameshinda wodi 30 na wanawake 5, na tuweke kando kwanza vile viti vya makundi yaliyotengwa. Katiba haitaki jinsia moja izidi theluthi mbili ya bunge. Wanaume 30 ili wawe theluthi mbili, bunge linatakiwa liwe na watu 45, yaani wanawake 15. Wako 5, kwa hivyo IEBC inaongeza 10 kutoka kwa listi za vyama, wanawake wote. Sasa mmoja wa hao 10 aondoke alafu umweke mwanamume, unakuwa na wanaume 31 kwa 45, umeshavuka mstari. Kwa hivyo kijana hakurukwa kwa sababu ya kuchukiwa, kiti chenyewe kilizaliwa ili kuziba pengo la wanawake na kikiachwa kinazibwa na mwanamke. Namba 6 angefuata kama aliyetoka angekuwa mwanamume.

Kuna jambo moja nataka uhakikishe kabla hujapigana na mtu: listi ni zaidi ya moja. Kila chama kilipeleka ya jinsia na ya makundi, ile ya watu wenye ulemavu, vijana na jamii zilizotengwa. Nimewahi kukaa na mama ofisini kwangu nusu siku tukipanga kesi, alafu jioni tunafungua nakala ya IEBC tunakuta yule aliyeondoka alikuwa listi ya makundi na mama yangu yuko listi ya jinsia. Kesi iliisha kabla ya chai kupoa. Kwa hivyo wewe nenda utafute nakala ya listi ya mwisho, ile iliyotumika kugawa viti, na gazeti la serikali la Septemba 2022 lililotangaza waliochaguliwa, uone namba 3 alitangazwa kwa kiti gani. Usitegemee picha ya WhatsApp, manake listi zilirudishwa vyamani zikarekebishwa na kuna matoleo mengi yanazunguka.

Kisha hakikisha kiti kiko wazi kweli. Unasema amepewa uwaziri wa kaunti, na ni kweli Katiba hairuhusu mtu awe MCA na awe kwa baraza la gavana, lakini kutajwa na gavana si kujiuzulu. Watu hutajwa, wanapigwa maswali na bunge la kaunti, wengine wanaangushwa, wanarudi kwa viti vyao kama hakuna kitu kilitendeka. Kiti kinakuwa wazi pale ambapo barua ya kujiuzulu iliyoandikiwa Spika imefika. Muulize karani wa bunge: barua ilipokelewa tarehe ngapi, na Spika ameiandikia IEBC? Muhuri wa kupokea ukiwa pale, mambo safi. Usipokuwa pale, wewe unapigania kiti ambacho kina mtu.

Bahati yako ni kwamba huyu amejiuzulu mwenyewe. Angefukuzwa na chama ungekuwa kwa foleni ndefu. Unakumbuka Isaac Mwaura, seneta wa kuteuliwa, mwaka 2021? Jubilee ilimfukuza, Spika wa Seneti akatangaza kiti wazi, jina la Sammy Leshore likatoka kwa gazeti kujaza nafasi, alafu korti ikasimamisha asiapishwe kwanza. Mtu anakaa na gazeti lenye jina lake mkononi na hawezi kuingia ndani. Kufukuzwa kuna rufaa zake ndani ya chama, kwa jopo la mizozo ya vyama, na kortini, na anayefuata kwa listi anangoja yote hayo. Kujiuzulu hakuna mizunguko hiyo.

Huenda pia umesikia kaunti jirani kiti kama hiki kilikaa wazi miaka 2 na hakuna kitu kilifanyika, ukaogopa. Hiyo ilikuwa shida ya IEBC kukosa makamishna. Muda wa mwenyekiti Chebukati na wenzake wawili uliisha Januari 2023, wale wengine watatu walikuwa wameshajiuzulu na wa nne alikuwa amesimamishwa kazi, na makamishna wapya chini ya Erastus Ethekon waliapishwa Julai 2025. Katikati hapo hapakuwa na tume ya kufanya uamuzi, ndiyo maana hata chaguzi ndogo zilirundikana mpaka zikafanywa Novemba 27, 2025. Saa hii tume iko, kwa hivyo hicho kisingizio usikikubali.

Twende kwa tisheti, manake naona ndiyo inakuuma zaidi. Sheria ya Vyama vya Siasa inasema mtu anahesabiwa amejitoa chamani akijiunga na chama kingine, akisaidia kuunda kingine, au akitangaza hadharani sera na maslahi ya chama kingine, na hiyo ya mwisho haihesabiki kama vyama hivyo viko kwa muungano mmoja. Picha moja umesimama na shangazi mkutanoni si kuhama chama, kwa maoni yangu. Lakini ukipanda jukwaani ukashika maikrofoni ukasema sasa nimehamia huku, hiyo ni kitu kingine, na wewe ndiye unajua ulifanya nini siku hiyo, mimi niambie ukweli wote, wakili anayedanganywa na mteja wake ni kama daktari anayepewa mkojo wa jirani. Hata ingekuwa umekosa, chama hakiwezi kuamka tu kikasema wewe si wetu, kinatakiwa kikupe notisi na nafasi ya kujitetea. Je umewahi kupata barua yoyote ya nidhamu? Kama hujapata, picha ni kelele tu, ingawa ni kelele watakayopiga.

Hatari zaidi ya tisheti ni rejista. Ingia kwa mfumo wa Msajili wa Vyama vya Siasa uangalie umesajiliwa chama gani, leo, kabla hujamaliza kusoma hapa. Unakumbuka 2021 Wakenya walivyoingia huko wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hata hawavijui? Ukikuta uko kwa chama kingine na hukujisajili, lalamika kwa Msajili kwa maandishi mara moja na uweke nakala. Ukikuta uko chama chako, piga picha ya hiyo skrini na tarehe ionekane.

Na swali la aibu kidogo: uliwahi kusaini karatasi yoyote pale chamani? Nauliza kwa sababu nimeona barua za kujiondoa kwa listi ambazo mwenyewe alisaini 2022 siku ya kupeleka fomu, bila tarehe, ameambiwa ni utaratibu tu. Inakaa kwa droo ya mtu miaka, siku kiti kinapoachwa inatolewa inaandikwa tarehe ya juzi. Kama uliwahi, andika leo barua kwa IEBC na nakala kwa chama na Msajili, useme hujajiondoa na hutaki kujiondoa, na karatasi yoyote yenye jina lako ikiletwa wewe uitwe kwanza. Barua hiyo inakugharimu nauli na muhuri wa kupokea, na nimeona ikiokoa kiti.

Sasa niende wapi. Jibu linategemea kitu kimoja tu: jina limetoka kwa gazeti la serikali au bado.

Kama bado, na kwako naona bado, hapo kazi ni ya kalamu kwanza. Iandikie IEBC, taja sehemu ya 37, taja listi na namba yako, weka nakala ya kitambulisho, na nakala umpelekee Spika, katibu mkuu wa chama na Msajili. Usiandike matusi na usiandike historia ya mwenyekiti na mke wake wa pili, andika ukurasa mmoja. Kwa barua hiyohiyo au nyingine, omba nakala ya listi iliyothibitishwa chini ya Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016, manake ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na baadaye nitakwambia kwa nini hizo siku 21 zinaweza kukuua ukichelewa kuomba.

Kama chama kinaendelea kupeleka jina la yule mama, huo ni mzozo kati ya mwanachama na chama chake, na mahali pake ni Jopo la Mizozo ya Vyama vya Siasa, wengi wanaliita PPDT. Lakini huwezi kuruka moja kwa moja, unatakiwa uonyeshe ulijaribu kumaliza ndani ya chama. Sheria ilikuwa ngumu zaidi zamani, ilitaka chama kiwe kimeshasikiza na kuamua, na vyama vilijua kukaa kimya tu ni kushinda. Tangu marekebisho ya 2022 inatosha uonyeshe ulijaribu. Kwa hivyo peleka malalamiko yako kwa kamati ya chama, pata muhuri, wape siku chache kwa maandishi, wakinyamaza unaenda PPDT na hiyo nakala mkononi, na unaomba amri ya kusimamisha jina lisiende kwanza kesi ikisikizwa.

Jina la mwingine likishatoka kwa gazeti, futa hayo yote kwa akili yako. Hapa ndipo rafiki yako wa Mahakama Kuu anakupoteza, ingawa simlaumu, kuna wakati mawakili wenyewe walikuwa wanafanya hivyo, wanaenda Mahakama Kuu kusema haki za binadamu za mteja zimevunjwa, au wanaomba uamuzi wa IEBC upitiwe upya, na zingine zilikuwa zinasikizwa. Aprili 2016 Mahakama ya Juu ikafunga huo mlango kwa kesi ya Moses Mwicigi na wenzake dhidi ya IEBC. Ilisema kuteuliwa kupitia listi ni uchaguzi pia, na gazeti la serikali ndilo linakamilisha huo uchaguzi, likishatoka IEBC imemaliza kazi yake, haiwezi kufuta wala kubadilisha, na mwenye malalamiko anapeleka kesi ya uchaguzi kwa korti ya uchaguzi. Ukiipeleka kwingine unafungua njia ya pembeni ya kesi za uchaguzi, na korti haitaki. Kwa MCA korti ya uchaguzi ni ya hakimu mkaazi aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Ndiyo, hakimu, palepale kaunti, si jaji.

Kuna mawakili wenzangu wanabisha kwamba kujaza kiti katikati ya muhula si uchaguzi kama ule wa mwanzo kwa hivyo Mwicigi haikamati hapo. Ni hoja, inaweza kuzungumzwa. Mimi siweki kiti cha mteja wangu juu ya hoja. Nahesabu siku kana kwamba ni uchaguzi kamili, manake nikikosea upande huo sijapoteza kitu, nikikosea upande ule nimepoteza kila kitu.

Siku zenyewe ni 28, tangu jina litangazwe kwa gazeti. Si tangu uambiwe, si tangu uone picha kwenye grupu, si tangu aapishwe. Gazeti la kawaida hutoka Ijumaa, kwa hivyo hesabu Ijumaa 4 na ufanye kama ya nne ndiyo ukuta, Jumamosi na Jumapili zote ndani. Lakini kuna matoleo maalum yanatoka siku yoyote kwa hivyo uwe unaangalia kila siku, au mwambie kijana wa nyumbani aangalie. Sasa unaona zile siku 21 za kuomba nakala? Ukianza kuomba listi baada ya gazeti kutoka, ikijibiwa siku ya mwisho unabaki na wiki moja ya kutafuta wakili, kuandika petisheni, kuapa hati za viapo na kusajili. Miaka iliyopita nilipokea mteja siku ya 31. Alikuwa na listi, alikuwa na muhuri, alikuwa na kila kitu isipokuwa siku 3. Nilimrudishia faili yake mkononi.

Kwa petisheni wewe unashtaki IEBC, yule aliyetangazwa, na chama chako. Hakikisha imeandikwa tarehe ya gazeti, namba ya notisi na nani alitangazwa kwa kiti gani, petisheni za uchaguzi zimetupwa nje kwa kukosa vitu vidogo kama hivyo. Wote wapelekewe karatasi ndani ya siku 15. Kesi inatakiwa iishe ndani ya miezi 6, na ukishinda hakimu anaweza kubatilisha jina lile na kuamuru IEBC ikutangaze wewe. Asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30, kwa maswali ya sheria tu, na hiyo nayo iko na miezi 6. Hapo ndipo mwisho wa barabara, Mahakama ya Rufaa ilishasema kesi za MCA haziendi kwake.

Pesa. Dhamana ya kesi ya MCA ni shilingi 100,000, unaweka ndani ya siku 10 tangu usajili, na usipoweka kesi inasimama. Si ada, ni dhamana ya gharama za wenzako ukishindwa, ukishinda unarudishiwa. Juu yake kuna ada ya kusajili na ya wakili, na ya wakili siwezi kukutajia hapa, elewaneni mapema na kwa maandishi, na umuulize kabisa kama inashika rufaa au rufaa ni bili nyingine. Ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za pande tatu, ingawa korti nyingi huweka kikomo. Usiuze shamba kwa hii kesi. Nasema hivyo manake nimeona.

Na nikwambie ukweli mwingine ambao mawakili hatupendi kuusema mwanzoni. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Sheria haitaki kiti hiki kijazwe miezi 3 ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu, kwa hivyo mlango unafungwa Mei 2027. Petisheni miezi 6, rufaa miezi 6, ukiziweka pamoja ni mwaka, piga hesabu kutoka tarehe unayosoma hapa. Unaweza kushinda kila hatua ukaapishwa ukae wiki chache, au usikae kabisa. Ndiyo maana mimi ningetia nguvu zangu zote saa hii, kabla ya gazeti, kwa barua na kwa PPDT, ambako ni rahisi na haraka zaidi, kuliko kungoja nipigane na mtu ambaye ameshakalia kiti na yuko na kila sababu ya kukuchelewesha. Kuna wale hupigana hata hivyo kwa sababu hawataki jina lao lirukwe kimyakimya, na mimi siwacheki, lakini ujue ni hicho unanunua.

Kitu kingine, ongea na kijana wa namba 6. Usiende na hasira. Yeye na wewe wote mnaumizwa na jina la nje ya listi, manake kama chama kinaweza kukuruka wewe leo, kesho mwanamume akiondoka kitamruka yeye. Hati ya kiapo yake akisema listi ilikuwa hivi na mama yule hakuwepo, ina uzito kuliko yako peke yako.

Wakili wa kuonana naye uso kwa uso mtafute wiki hii kama chama kimeshapeleka barua Nairobi, au kama umeambiwa kuna karatasi yenye saini yako, au umeitwa kamati ya nidhamu, hiyo usiende peke yako. Gazeti likitoka na jina lingine, mtafute siku hiyohiyo, na awe mtu ameshika kesi za uchaguzi, si yule wa mashamba hata kama ni binamu. Kama mfuko hauruhusu, gonga FIDA Kenya, wanasaidia wanawake, au ofisi ya msaada wa kisheria ya serikali. Ubebe kitambulisho, listi, picha ya rejista ya Msajili, barua zote zenye mihuri, na hiyo picha ya tisheti pia, bora wakili wako aione kwako kuliko aione kwa mara ya kwanza kortini.